Mtoto akisema "ni baba": mwongozo kwa mwalimu, muuguzi na mtendaji

Alhamisi moja, saa nne na nusu asubuhi, mwalimu wa darasa la nne alinipigia simu akinong'ona. Alikuwa amejifungia stoo ya vitabu. Wanafunzi walipotoka kwenda kunywa uji, mtoto mmoja wa miaka kumi alibaki, akasogea mezani kwake akamwambia: "Mwalimu, mimi kesho nilale kwako." Mwalimu akamuuliza kwa nini. Mtoto akasema kesho ni Ijumaa, na kila Ijumaa jioni mama hupanda lori la mizigo kwenda gulioni, harudi mpaka Jumamosi usiku. Kisha akanyamaza, akaanza kukwangua meza kwa kucha.

Mwalimu yule hakuwa na mafunzo yoyote ya kazi hii, lakini hakutaja jina la mtu yeyote wala hakutuma mtoto kwenda kumwita mzazi. Alisema tu, "Nakusikiliza, mwanangu," akavuta karatasi iliyokuwa karibu, akaandika kila neno mtoto alivyolitamka. Kila kilichofuata katika kesi ile kilisimama juu ya zile dakika chache.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, huu ni mwaka wangu wa 17 kazini. Naandika juu ya mtoto anayefanyiwa ukatili wa kingono na mtu wa nyumbani kwake, kwa ajili ya watu ambao mtoto huwafikia kabla hajatufikia sisi: mwalimu, muuguzi wa zahanati, mtendaji wa kijiji au mtaa, mwalimu wa madrasa, katekista. Habari za watoto nitakaowagusa nimezigeuza kiasi kwamba hata jirani yao hatawatambua. Na naandika kwa taratibu za Tanzania Bara. Walioko Zanzibar wanayo Sheria ya Mtoto Na. 6 ya mwaka 2011 na vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako aliyefanyiwa ukatili hupata huduma zote mahali pamoja, kuanzia kile cha hospitali ya Mnazi Mmoja, na mengi ya hapa yatawafaa vilevile.

Asiyeamini kwamba jambo hili litamfikia, akumbuke utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na wavulana 13 katika kila 100, walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja. Mwenye darasa la watoto 80 na apige hesabu.

Dakika kumi za kwanza

Kaa chini, macho yenu yalingane. Chagua mahali mnapoonekana lakini hamsikiki, kama chini ya mti au kwenye ofisi iliyoachwa mlango wazi. Ofisi ya walimu yenye watu sita haifai, na chumba kilichofungwa komeo hakifai pia, maana kwa mtoto huyu mlango kufungwa una maana yake.

Chunga uso wako. Mtoto aliyeishi na mkosaji ndani ya nyumba moja amejifunza kusoma uso wa mtu mzima kuliko anavyosoma kitabu. Niliwahi kumwona muuguzi, mama mwenye huruma kabisa, akishika kichwa na kusema "Mungu wangu!" Mtoto akamtazama, akasema, "Nilikuwa natania." Ilichukua miezi mitano kusikia sentensi ile tena.

Atakuomba usimwambie mtu. Usiahidi. Ukiahidi kisha ukasema, utakuwa mtu mzima wa pili kumsaliti. Mimi husema hivi: "Sitalitangaza. Ila kuna watu wawili au watatu ambao kazi yao ni kukulinda, na hao lazima wajue. Nitakutajia ni akina nani kabla sijawaambia." Kisha timiza hilo, mtajie kweli.

Ya kumfanya asimulie, maswali yako yawe matatu tu: "Ikawaje?" "Halafu?" "Niambie zaidi." Swali lenye jibu ndani yake, kama "Baba alikushika, eh?", linaua kesi, kwa sababu wakili wa utetezi atasema mtoto alilishwa maneno, na atakuwa na haki ya kusema hivyo. Swali la "kwa nini" nalo linamuumiza mtoto mwenyewe: kwa nini hukupiga kelele, kwa nini hukusema mapema, kwa nini ulikwenda chumbani kwake. Kwa sikio la mtoto, kila "kwa nini" ni shutuma.

Usitafute habari nzima. Unahitaji kujua mambo manne: nani, mara ya mwisho ilikuwa lini, je mtu huyo atakuwa nyumbani leo usiku, na je mtoto ana maumivu sasa. Ukishayapata, simama. Maelezo kamili yatachukuliwa na mtu mmoja aliyefunzwa, mara moja. Katika miaka yangu ya mwanzo kulikuwa na mtoto aliyesimulia kwa mwalimu mkuu, kwa mwenyekiti, kwa mtendaji, kwa askari wa zamu, kwa daktari, kisha kwangu. Mara sita. Mtu mzima akisimulia ajali mara sita atageuza maneno, sembuse mtoto wa miaka minane. Mahakamani tofauti zile zilisomwa moja baada ya nyingine, na mtoto akatoka pale akiamini kwamba ameitwa mwongo. Mimi nilikuwa wa sita, nami sikuuliza kama kuna aliyetangulia.

Kabla hamjaachana, mwambie maneno haya, na uyaseme polepole: "Umefanya vizuri kuniambia. Hukukosea. Nakuamini."

Andika alivyosema, kama alivyosema

Hapa nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo tunapoharibu zaidi.

Watoto wetu hawasemi "nilibakwa". Wanasema "ananifanyia tabia mbaya", "ananifanyia matusi", "ananichezea", au wanataja "mdudu" wakimaanisha uume, au wanaonyesha kwa kidole na kugeuza uso. Mtu mzima anayeandika huona aibu, au hutaka kuonekana msomi, akabadilisha: "Mtoto anadai kuingiliwa kimwili." Mtoto hakudai wala hakusema kuingiliwa. Askari akimuuliza, "Ulisema uliingiliwa kimwili?", atajibu hapana, na ni kweli hakusema. Mahakama ya Rufani ilishakubali kwamba kwa desturi zetu mtoto huzungumza mambo haya kwa tafsida. Kwa hiyo andika "tabia mbaya", weka alama za kunukuu, kisha andika swali ulilouliza: "Tabia mbaya ni kufanyaje?" na jibu lake kama lilivyotoka, hata kama ni kunyoosha kidole tu.

Na neno "baba". Lugha yetu imempa mtoto baba wengi: baba mzazi, baba wa kambo, baba mdogo, baba mkubwa, baba mwenye nyumba, baba mchungaji. Mtoto hawatenganishi, kwake wote ni baba. Kuna faili moja sitalisahau. Mtoto alisema "baba", nikaandika "baba", askari wakaenda wakamkamata baba mzazi akiwa shambani. Siku tatu baadaye mtoto akauliza kwa nini baba amefungwa, maana aliyemsema ni baba wa chumba cha uani. Alikuwa baba mdogo, aliyekuja kusaidia biashara ya mkaa, na siku hizo tatu zilimtosha kuvuka mikoa miwili. Baba mzazi alirudi nyumbani akiwa na alama za vipigo vya majirani. Familia ile haikutupokea tena, na sikuwalaumu.

Tangu siku ile huwa simuulizi mtoto "baba yupi?", kwa sababu mtoto mwoga atataja yeyote ili swali liishe. Namwambia: "Niambie kuhusu huyo baba. Analala wapi? Mama humwitaje akimwita? Watu wengine humwitaje?" Fanya hivyohivyo kwa "kaka", maana anaweza kuwa binamu, kijana wa kazi au mpangaji. Na kwa "babu", "anko", "bibi" na "dada" pia. Wanawake nao hufanya ukatili huu, na wavulana hufanyiwa.

Undugu huo una uzito wake kisheria. Kosa la zinaa ya maharimu, yaani kati ya ndugu wa damu, kifungu cha 158 cha Kanuni ya Adhabu, kwa mwanamume linawataja mjukuu, binti, dada na mama, na mwathirika akiwa chini ya miaka 18 adhabu haipungui miaka 30. Mtoto wa kambo na mtoto wa ndugu hawamo kwenye orodha ile. Kwa baba wa kambo au mjomba, waendesha mashtaka huenda na kosa la kubaka, au la kulawiti, ambako ridhaa ya mtoto haihesabiki kabisa. Kuchagua shtaka si kazi yako, lakini undugu uliouandika vibaya siku ya kwanza utakwenda hivyohivyo mpaka kwenye hati ya mashtaka.

Andika pia tarehe, saa, mahali, na ulichokiona kwa macho bila kukitafsiri. "Alikwangua meza kwa kucha" inatosha. "Alionekana ni mtu aliyebakwa" haisaidii mtu. Saini, kisha funga karatasi mahali penye ufunguo. Mwalimu wa yule mtoto wa Ijumaa aliandika nyuma ya daftari la hesabu la mtoto mwenyewe, kwa kuwa ndiyo karatasi iliyokuwa mezani. Maneno aliyaandika vizuri sana, daftari ndilo hakulichagua vizuri, na nitalirudia.

Simu ya kwanza isiwe ya nyumbani

Shuleni kuna mazoea ya kumpa mtoto barua: mzazi fika shuleni bila kukosa. Katika jambo hili barua hiyo ni hatari. Anayeipokea anaweza kuwa mkosaji mwenyewe, na mpaka jioni mtoto atakuwa ameshapigwa, ameshatishwa, au ameshapakiwa kwenye basi kwenda kwa bibi.

Piga simu kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri, au kwa Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Usipowapata, piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto. Ni bure, na inapokelewa usiku na mchana. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Sheria haikutaki uwe na uhakika, wala haikutaki ufanye upelelezi kwanza. Wapo wanaosubiri "ushahidi" na kumchunguza mtoto kwa jicho la pembeni muhula mzima. Wakati huo Ijumaa zinapita.

Mwenyekiti wa mtaa au mtendaji akiwa ni ndugu wa ile nyumba, mruke uende juu yake. Na usimwambie mtu asiyehitaji kujua, hata mwalimu mwenzako unayekunywa naye chai. Mtoto aliyenyooshewa kidole kwenye foleni ya uji hatasema kitu tena.

Hospitali, kabla saa 72 hazijapita

Kama tendo la mwisho ni la karibuni, hesabu saa. Dawa za kinga dhidi ya VVU, ambazo vituoni tunaziita PEP, zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndivyo bora zaidi, kisha zimezwe siku 28 bila kuruka. Msichana aliyevunja ungo anaweza kupewa vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ndani ya saa 120. Kuna pia dawa za magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini aina ya B, na pepopunda kama kuna jeraha. Saa 72 zikiwa zimeshapita, nenda hata hivyo. Kupima, kutibu na kuandika bado kuna maana.

Asioge kama hajaoga. Nguo zisifuliwe. Ziweke kwenye bahasha ya kaki au zifunge kwenye gazeti safi, kila moja peke yake, na usitumie mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu utaziozesha na ushahidi utapotea. Akiwa na njaa mpe chakula. Nimeshamkuta mtoto anayezunguka kutwa nzima kati ya kituo na hospitali na tumboni hana kitu.

PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, chukueni kituoni, lakini mtoto anayetoka damu hasubiri fomu. Atibiwe, fomu ifuate.

Kwa daktari na tabibu mwenzangu nina maneno mawili. La kwanza: watoto wengi waliofanyiwa ukatili huu hawakutwi na jeraha, ama kwa sababu mwili wa mtoto hupona haraka, ama tendo lenyewe halikuacha alama. Kwa hiyo andika "sikuona michubuko", usiandike "hakubakwa". Ulichokiona ni chako kukiandika, uamuzi ni wa mahakama. Na kile kipimo cha kuingiza vidole ili kusema kama "bikira ipo" kiache kabisa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na taasisi nyingine za Umoja wa Mataifa zilisema wazi kwamba hakina msingi wa kisayansi. Kwa mtoto huyu ni kumrudishia kilekile alichofanyiwa. La pili: andika jina lako lisomeke, na namba ya simu. Kesi itaitwa mwaka ujao na wewe utakuwa umeshahamishiwa wilaya nyingine.

Kabla ya kumgusa mtoto mwambie unataka kufanya nini, na mpe mamlaka ya kusema "subiri". Akisema, subiri kweli. Muuguzi mmoja ninayemheshimu sana humpa mtoto stetoskopu amsikilize yeye moyo kwanza. Mtoto anasikia mapigo, anacheka kidogo, ndipo kazi inaanza.

Mama

Tumezoea kuuliza: mama alikuwa wapi, alijua, hakujua? Hata mimi nilikuwa hivyo. Sasa najua kwamba kinachoamua zaidi kama mtoto atapona ni mtu mzima wake wa karibu kumwamini na kusimama naye, na mara nyingi mtu huyo ni mama. Ukimvunja mama saa ya kwanza, umemvunjia mtoto nguzo.

Mweleze akiwa peke yake, amekaa, na mtoto hayupo. Mama wa mtoto wa Ijumaa tulimfuata gulioni, maana tusingeweza kumsubiri nyumbani ambako mume angekuwepo. Alikuwa ameketi nyuma ya fungu la nyanya. Nilimwamkia, nikamwomba jirani yake amshikie biashara, tukaenda kusimama nyuma ya lori.

"Dada yangu, nimekuja kwa habari ya binti yako. Ni mzima, yuko kwenye mikono salama."

Nilipomaliza, alisema: "Haiwezekani. Yeye ndiye anayemlipia michango ya shule." Akanyamaza. Halafu akasema, bila kunitazama: "Ndiyo maana Ijumaa anaumwa tumbo."

Mshangao, kukataa, hasira juu ya mtoto, hasira juu yako: vyote vitakuja, na si ushahidi kwamba anamlinda mume. Usibishane naye. Uliza mambo ya kesho: kodi analipa nani, chakula kinatoka wapi, kuna ndugu yako wa tumbo moja anayeweza kukaa nawe wiki hii, simu yako inashikwa na nani. Mama asiyejua watoto watakula nini Jumatatu atarudisha kauli Jumapili. Ndiyo sababu kwenye faili langu karatasi ya pili, baada ya maelezo ya mtoto, ni ya mahitaji ya nyumba.

Anayepaswa kutoka nyumbani ni mtuhumiwa. Mtoto akiondolewa, akaacha kitanda, shule, wadogo zake na mbuzi wake, atahesabu kwamba yeye ndiye aliyehukumiwa. Akipewa dhamana mtuhumiwa, mwombeni mwendesha mashtaka aiombe mahakama iweke sharti asifike nyumbani wala shuleni. Kama usalama haupatikani kabisa, ndipo tutafute ndugu aliyehakikiwa, na ikishindikana, familia ya kuaminika iliyosajiliwa na ustawi. Makao ya watoto yawe ya mwisho. Na ndugu huyo mumhakiki: nyumba yake ina nani, mtuhumiwa hutembelea hapo? Waangalieni pia watoto wengine wa nyumba ile, wavulana kwa wasichana.

Kikao cha ukoo

Jiandae, kitaitwa, mara nyingi usiku uleule. Watakuja na lugha nzuri: tusianike nguo za ndani nje, damu ni nzito, mtoto atakosa mchumba, huyu ndiye anayetulisha. Watatoza mbuzi, au ng'ombe, au fedha, na zitapokewa na watu wazima. Mtoto hapati hata pole.

Usiende kuwatukana wazee. Wana nguvu ya kumhamisha shahidi kabla jua halijachomoza, na nguvu hiyohiyo inaweza kumlinda mtoto mzee mmoja akiamua. Kuna mzee mmoja nilimkuta barazani, amezungukwa na wanaukoo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutuvunjia nyumba?"

"Hapana babu. Nimekuja kukuomba uishike. Mimi nitaondoka na gari hili, wewe utabaki. Mjukuu wako atalala wapi leo?"

Alikaa kimya muda mrefu, kisha akamwita binti yake mkubwa, akamwambia amtandikie mtoto chumbani kwake. Kikao hakikurudi kwenye habari ya mbuzi.

Nilichowaeleza pale ni sheria, kwa upole lakini bila kupunguza: kumbaka mtoto, kulawiti na zinaa ya maharimu si madai ya watu wawili yanayofutwa kwa kusameheana, ni kesi za Jamhuri. Adhabu ya kumbaka mtoto chini ya miaka 18 huanzia miaka 30, na aliye chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Mtendaji anayegonga muhuri kwenye karatasi ya "tumesuluhishana" anajiweka mahali pabaya yeye mwenyewe. Mtendaji mwenzangu, ukiletewa karatasi hiyo usiisaini, ichukue uilete, itatusaidia.

Kama mkosaji ni mtoto pia, tuseme kaka wa miaka 13, usiende na pingu kichwani. Watenganishwe kulala na kubaki wawili, lakini huyo kaka naye ni mtoto chini ya sheria ileile, na mara kadhaa nimekuta naye alifanyiwa. Mlete ustawi, naye asikilizwe peke yake na mtu mwingine.

Miezi inayofuata

Kesi hufa katikati. Mtoto anahamishwa shule, mama anapata mimba, nauli ya shahidi inakosekana, hakimu anabadilishwa. Teua mtu mmoja, jina na simu, anayempigia mama kila wiki mbili hata kama hakuna jipya. Mpelekeni mtoto mahakamani siku ambayo hakuna kesi, aone kiti atakachokaa, ajue nani ni nani, aulize choo kiko wapi. Msimfundishe cha kusema. Mwambieni mambo matatu tu: aseme kweli, akisahau aseme nimesahau, asipoelewa swali aseme sijaelewa.

Waendesha mashtaka, mkumbushe mahakama ile ahadi. Tangu mwaka 2016 kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi kinamruhusu mtoto asiyezidi miaka 14 kutoa ushahidi bila kiapo, lakini kwanza aahidi kusema ukweli na si uongo. Hukumu zimetenguliwa Mahakama ya Rufani kwa sababu ahadi hiyo haikuonekana kwenye mwenendo wa kesi. Mtoto alisema yote, akalia, akajibu maswali ya wakili, na ushahidi wake ukafutwa kwa kukosekana kwa mstari mmoja.

Shuleni, mwalimu, usimfanye yatima wa darasa. Mwite jibu ubaoni kama wengine. Akilala darasani au akijikojolea, usimchape na usimtaje. Akirudia kukusimulia, msikilize, andika tarehe, usichimbe.

Yule mtoto wa Ijumaa alikuja kupima VVU mara ya pili baada ya miezi mitatu, pamoja na mama yake. Majibu yalikuwa salama. Baba wa kambo alikuwa rumande. Wakati mama anazungumza na muuguzi, mtoto alinivuta mkono akaniuliza, "Shangazi, daftari langu la hesabu litarudi lini?" Lilikuwa polisi, kielelezo, lenye jedwali lake la kuzidisha kurasa za mbele na maneno yake ukurasa wa nyuma. Nilimwambia litakaa huko mpaka kesi iishe. Akafikiri. "Basi mwambie mwalimu nilifika mara tisa."

Tulipita dukani, nikamnunulia lingine la miraba, na mwalimu akamwandikia upya jedwali mpaka mara tisa. Mara kumi akaanza mwenyewe.